NDEGE, PAKA NA MOTO WA PORI: AMANA TUTAKAYOULIZWA

KHUTBA YA KWANZA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeumba mbingu na ardhi na kila kitambaacho na kirukacho baina yake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na maswahaba zake wote, na kila atakayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Mwisho. Amma baad.

Enyi Waislamu! Nausia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kweli ya kumcha, hadharani na faraghani, hapa msikitini na kule shambani ambako hakuna anayetuona isipokuwa Yeye.

Tumo katika kiangazi. Majani yamekauka, upepo unavuma, na kila jioni mtu akitazama upande wa pori anaona moshi. Kwa hiyo Ijumaa hii maneno yetu ni juu ya moto, na juu ya viumbe wasio na ulimi wa kutushitaki hapa duniani. Najua wako watakaosema: imamu amekosa la kusema leo, mpaka anatuhubiria habari ya ndege? Nchi ina vita, watoto wanafukuzwa shule kwa kukosa malipo, posho imepanda bei, yeye analeta ndege! Subiri kidogo, ndugu yangu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa na mizigo mizito kuliko yetu, na alisimama kwa ajili ya ndege.

Abu Dawud amepokea kwa Abdullah bin Masud (R.A.) kwamba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.). Akaenda pembeni kwa haja yake. Nyuma yake maswahaba wakaona ndege mdogo aitwaye hummara ana makinda wawili. Wakawachukua wale makinda. Mama yao akaja, akawa anatandaza mabawa na kuzunguka juu yao kwa uchungu. Mtume (S.A.W.) aliporudi akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu msiba wa watoto wake, akaamuru arudishiwe. Kisha akaona kichuguu cha sisimizi kimechomwa moto. Akauliza aliyekichoma. Wakasema: ni sisi. Akawafahamisha kwamba haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa huo moto.

Angalia, ndugu Mwislamu, mambo mawili katika safari moja na hadithi moja: ndege anayenyang'anywa makinda, na moto unaowashwa juu ya wadudu. Mtume hakuuliza ndege huyo ana faida gani kwa watu. Hakuuliza kama nyama yake yatosha chungu. Hakusema sisimizi ni wengi, hata wakiungua wengine watabaki. Na hawa walioulizwa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa maswahaba, bora wa umati huu, waliofanya jambo ambalo kila msafiri hulifanya bila kufikiri.

Katika Suratul-An'am, aya ya 38, Mola wetu ametujulisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma kama sisi. Na katika Suratun-Nur, aya ya 41, ametujulisha kwamba ndege wakiwa wametandaza mbawa, kila mmoja anajua sala yake na tasbihi yake. Basi anayemaliza aina moja ya ndege duniani amenyamazisha tasbihi ambayo hakuna kiumbe mwingine anayeijua.

Je, aina nzima ya ndege inaweza kumalizika? Nitawapa mfano wa zama zetu, si wa kale, na tuutazame vizuri maana ndani yake mna kila jambo tunalotaka kulisema leo.

Katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya nchi ya Moroko, kiko kisiwa cha milima mirefu kiitwacho Madeira, nacho ni cha Ureno. Huko yuko ndege wa bahari ambaye hataga mahali pengine popote duniani. Mwenyeji humwita freira, yaani mtawa wa kike, sista. Mchana yuko mbali baharini anatafuta chakula. Usiku, wakati wa kutaga na kulea, anapanda mpaka kwenye majabali ya katikati ya kisiwa, kimo cha zaidi ya mita 1,600, ambako amechimba shimo katika udongo kidogo ulioshikwa na majani juu ya mwamba. Anataga yai 1 tu kwa mwaka. Likiharibika, hakuna la pili mpaka mwaka ujao.

Kwa nini wakamwita mtawa? Wachungaji wa mbuzi wa huko walikuwa wakisikia sauti za kulia gizani juu ya majabali, wakasema hizo ni roho za masista wa zamani zinazoteseka. Msicheke, ndugu zangu. Hapa kwetu bundi akilia juu ya nyumba, watu hutoka na mawe na mapanga, wanasema ametumwa na mchawi. Waarabu wa Jahiliya nao walikuwa na ndege wao waliyemwita hama, wakidai roho ya maiti hugeuka ndege ikalia usiku. Mtume (S.A.W.) akaja akaikanusha itikadi hiyo wazi wazi, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Bundi ni kiumbe wa Mungu anayekula panya. Kumwua kwa sababu ya kilio chake ni kosa katika matendo, na nyuma yake liko kosa kubwa zaidi katika imani.

Turudi kwenye kisiwa. Katika karne iliyopita watu walifika mahali pa kudhani kwamba ndege huyu amekwisha kabisa. Mwaka 1969 mtaalamu wa ndege wa huko Madeira, Paul Alexander Zino, alimchezea mchungaji mmoja sauti iliyorekodiwa ya ndege wa jamaa yake. Mchungaji akaitambua mara moja: ndiyo hiyo wanayoisikia mlimani. Wakaenda, wakamkuta. Walikuwa wachache sana, na hata sasa wanaokadiriwa kutaga ni jozi 65 mpaka 80. Msikiti wetu huu siku ya Ijumaa una watu wengi kuliko ndege hao wote katika uso wa ardhi.

Adui yao wa kwanza ni nani? Kisiwa hicho, kabla ya watu kuhamia katika karne ya 15, hakikuwa na mnyama wa nchi kavu anyonyeshaye hata mmoja wa asili. Kulikuwa na popo tu. Ndege akazoea kutaga ardhini, maana hapakuwa na wa kumdhuru. Watu wakaja na majahazi, na katika majahazi mkawa na panya. Wakaleta paka. Paka wengine wakaachwa, wakaingia mlimani, wakazaana, wakawa paka wa pori. Panya akala mayai na makinda. Paka akamla mama na baba. Mwaka 1991 paka waliofika kwenye majabali hayo waliua ndege wazima 10. Piga hesabu mwenyewe: ndege wachache namna ile, yai 1 kwa mwaka, na 10 wanaondoka katika msimu mmoja.

Hapa vijana wetu huuliza swali, na ni swali zuri: imamu, si Mtume (S.A.W.) aliyetuambia paka si najisi, ni katika wanaozunguka nasi nyumbani? Si yeye aliyetuambia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka? Ndiyo, hadithi hizo ni sahihi, na mapenzi ya paka ni katika mila zetu. Lakini tuzifahamu sawasawa. Mwanamke yule aliadhibiwa kwa kuwa alimfunga paka, hakumpa chakula wala hakumwachia atafute mwenyewe wadudu wa ardhini. Aliadhibiwa kwa kupoteza amana. Sasa niambie, mtu anayechukua watoto wa paka katika gunia akawatupa mwisho wa mji, porini, ametimiza amana? Huyo amemdhulumu paka, na amemdhulumu ndege atakayeliwa na paka huyo. Dhambi iko shingoni mwa mwenye gunia. Paka hana hesabu. Anakula kwa sababu ana njaa.

Huko Madeira walianza kazi ya ulinzi mwaka 1986. Kwa panya waliweka sumu katika visanduku kuzunguka majabali, na panya Mtume (S.A.W.) amemtaja miongoni mwa wenye madhara wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliyehirimia. Kwa paka waliweka mitego ya kizimba inayomshika mzima. Wanachuoni wetu wamesema mnyama mwenye kudhuru huzuiwa kwa njia iliyo nyepesi kwanza, na ikilazimika kuua, basi iwe kwa ihsani, bila kutesa, kwa hadithi ya Shaddad bin Aus katika Muslim. Kumpiga mawe paka wa jirani, au kumwagia mafuta na kumwasha kama tunavyosikia watoto wa mitaani wakifanya, si ulinzi wa kitu chochote. Ni dhuluma, na ni lile lile jambo la sisimizi wa kichuguu.

Waliondoa pia mbuzi na kondoo kwenye malisho yale ya juu, kwa sababu mifugo ilikuwa inamaliza majani, na majani yakiisha udongo unateremka na shimo la ndege linabomoka. Kazi ikaenda, miaka zaidi ya 20, ndege wakaanza kuongezeka. Kisha ukaja moto.

Ilikuwa Agosti 2010. Moto ulipanda milima ile mpaka kwenye majabali yenyewe. Wakati huo makinda walikuwa ndani ya mashimo, hawajaota mbawa za kurukia. Wazazi wengi walikuwa baharini wanatafuta chakula. Walioenda kutazama baadaye walikuta makinda 25 wamekufa, na wazazi 3. Karibu theluthi mbili ya makinda wote wa mwaka ule, katika ndege ambaye hana makinda mahali pengine popote. Na wale wazazi waliokuwa baharini, usiku walirudi kama kawaida na chakula cha makinda wao.

Mkumbuke ndege wa ile safari ya Mtume (S.A.W.), alivyotandaza mabawa.

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, wazee wetu, mama zetu mlio nyuma ya pazia. Baada ya moto ule watu wa Madeira hawakuketi kulia. Walipanda tena kwenye majabali, wakatengeneza mashimo ya kutagia kwa mikono yao mahali pa yale yaliyobomoka, wakafunika udongo usiteremke na mvua, wakaongeza ulinzi dhidi ya panya, kwa kuwa majani yakiungua kinda hana pa kujificha. Ndege wapo hata leo. Na Agosti 2024 moto ulipanda tena katika milima hiyo hiyo ya katikati. Kazi ya aina hii haina siku ya kumaliza. Moto wa mtu mmoja mzembe, alasiri moja, waweza kurudisha nyuma jasho la miaka 20.

Hayo ni ya kwao. Sasa ya kwetu hapa Maniema.

Kusini ya jimbo letu, upande wa Kasongo na Kabambare, tuna mbuga za majani marefu, na kila kiangazi zinawaka. Nani anaziwasha? Radi haipigi katika miezi isiyo na mvua. Tunaziwasha sisi. Mmoja anachoma shamba jipya, upepo unamshinda. Mwingine anachoma makala, anakwenda kulala na tanuru halijafa. Mwingine anapitisha moto ili njia iwe nyeupe asikanyage nyoka. Na wako wanaowasha pori zima ili simbiliki na panya wa pori watoke, wawapige marungu.

Kwa huyu wa mwisho nina neno. Tuiache kando khilafu ya wanachuoni juu ya kumla simbiliki mwenyewe. Katika Suratul-Maida, aya ya 3, tumeharamishiwa mfu, na tumeharamishiwa aliyekufa kwa kunyongwa, na aliyekufa kwa kupigwa. Mnyama aliyeungua akafa kabla ya kisu kumfikia kwa jina la Mungu, ni mfu. Aliyepigwa rungu akafa, ni mfu. Aliyenyongwa na mtego wa waya, ukamkuta asubuhi amekauka, ni mfu. Basi mtu anachoma maili nzima ya nchi, anaua viota na makinda, kobe na vinyonga, anaunguza miti ya nyuki na muhogo wa jirani, na nyama anayoileta nyumbani haimjuzii kuila! Amekosa dunia na Akhera kwa chungu kimoja. Uwindaji ni halali, hatusemi vingine. Mola ameruhusu hata mbwa aliyefundishwa. Lakini uwindaji una adabu zake, na katika adabu hizo hamna moto.

Na tusiseme sisi hatuna ndege wa namna ile. Tunaye! Tausi wa Kongo anaishi katika misitu ya nchi hii peke yake, na misitu ya Maniema imo. Wataalamu wa Ulaya hawakumjua. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin aliona unyoya mmoja tu katika kofia ya mwenyeji, hakuutambua. Ilipofika 1936 akakuta ndege wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wameandikwa jina lisilo lao, ndipo akajua unyoya ule ulitoka wapi. Babu zetu walimjua siku zote. Leo sheria ya nchi inamlinda kabisa, wala hairuhusiwi kumwinda, lakini mtego wa waya haujui sheria. Anatembea ardhini kama kuku, anakanyaga, ananaswa. Huko machimboni ndani ya msitu mitego imepangwa kwa mistari, mwenye mitego anapitia baada ya siku tatu, nusu ya walionaswa wameoza. Nyama iliyooza haimshibishi mtoto wa mtu yeyote. Na mbwa wanaoletwa machimboni, wenyewe wakihama, huachwa humo. Wanakula nini mnafikiri? Ni hadithi ile ile ya paka wa Madeira, kwa jina lingine.

Liko jambo la dhamana pia, na wengi hawalijui. Mafakihi wetu wameandika kwamba mtu akiwasha moto katika shamba lake mwenyewe, siku ya upepo, au moto mkubwa kupita desturi, ukavuka ukaunguza mali ya mwingine, inampasa kulipa. Hawezi kusema ni kadari ya Mungu. Kadari ni kweli, na kiberiti kilikuwa mkononi mwako. Kwa hiyo ikiwa kiangazi kilichopita moto wako uliingia katika muhogo wa jirani au kibanda cha mjane, nenda kwake leo baada ya Swala. Mkae, mhesabu, umlipe au akusamehe. Ndege na kobe walioungua hawana mahali pa kukusamehe, ila kutubu kwa Mola wao.

Mtume (S.A.W.) aliambiwa habari ya nyumba iliyowaka usiku Madina na watu wake ndani. Akasema moto ni adui yetu, tunapolala tuuzime. Na katika hadithi ya Jabir ameamrisha taa zizimwe, kwa kuwa panya huweza kuukokota utambi akaiunguza nyumba na watu wake. Ikiwa utambi mmoja wa taa umepewa amri yake, je, tanuru la makala?

Basi yafuatayo tumekubaliana na wazee wa msikiti, na kila mmoja ayafikishe kwa asiyekuwepo. Asiyekuwa na budi kuchoma shamba, kwanza alime njia pande zote, upana ambao moto hauruki, atoe majani yote mpaka udongo uonekane. Awape habari majirani na chefu wa kijiji siku moja kabla. Achome asubuhi mapema umande ukiwapo, au jioni upepo ukitulia, kamwe si adhuhuri. Awe na watu na maji na matawi mabichi. Asiondoke mpaka aguse majivu kwa mkono yawe baridi. Mwenye tanuru la makala alale karibu nalo. Vijana wa madrasa watapita nyumba kwa nyumba wiki hii. Mwenye paka au mbwa aliyezaa na hawezi kulisha, awaambie, atafutiwe nyumba ya kuwapokea. Panya tunao wa kutosha sokoni, paka hatakosa kazi. Mwenye mitego ya waya msituni akaiondoe, na anayejua kiota cha tausi asimwonyeshe mfanya biashara.

Ee Mwenyezi Mungu, tusamehe tuliyoyaunguza kwa kujua na kwa kutojua. Ee Mola, wape amani watu wa mashariki ya nchi hii, warudishe wakimbizi kwenye mashamba yao. Tuteremshie mvua kwa wakati wake, mvua ya manufaa, uwanyweshe kwayo waja wako na wanyama wako na ndege wako. Mrehemu Mtume wetu Muhammad na jamaa zake. Amina.

Simameni kwa Swala, nyosheni safu.